Mrushaji Asiyejua Kukaa

Katika miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta, pale kwenye maghorofa ya upande wa magharibi wa Alexandria, ile ya Virginia, Marekani, sikuwahi kumwona jirani yangu akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Kukaa alikuwa akikaa, maana alikuwa mtu wa adabu na mama mkwe wangu alikuwa akimwamuru. Lakini alikaa kama mtu aliyeazimwa kiti: ukingoni, visigino juu, viganja juu ya magoti. Simu ikilia, iwe yangu, ya mke wangu, hata ya ndani ya tamthilia ya kwenye runinga, alisimama. Alikuwa ameshasimama ndipo anajiuliza kwa nini, halafu anatazama nje kidogo ili tuamini kwamba alisimamia dirisha.

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Alikuwa mrushaji wa besiboli, wa kulipwa, na katika warushaji alikuwa wa akiba: yule ambaye haanzi mchezo, anayeitwa mambo yakishaharibika, au yakiwa yamebaki kidogo kuisha na kila mtu ana wasiwasi. Hapa nitamwita Mrushaji. Jina lake ni mali yake, na isitoshe hivyo ndivyo mama mkwe alivyomwita tangu siku alipoelewa jamaa anafanya nini, jambo ambalo lilichukua muda.

"Kazi yake nini huyu?" aliniuliza kwa sauti ya kutosha, mwenyewe akiwa mbele yetu anakula mkate wa kumimina.

"Anarusha mpira, mama."

"Anamrushia nani?"

"Mtu mwenye rungu."

"Na huyo mwenye rungu anataka nini?"

"Kuupiga."

"Na yeye anataka aupige?"

"Hapana. Anataka aukose."

Mama mkwe, ambaye alikuja kutoka Pemba kutusaidia na watoto na akagundua kwamba sisi ndio tunaohitaji kulelewa, alifikiri kidogo. "Sasa kama hataki aupige, si asimrushie?"

Mrushaji aliweka kipande chake kwenye kisahani. "Bibi," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "kocha wangu aliniambia maneno hayo hayo."

Kiswahili hicho alikipata chuoni, kusini ya Virginia, kwa sababu alilazimika kusoma lugha moja ya kigeni na darasa la Kifaransa liligongana na saa ya mazoezi. Ilianza kwa ratiba, ikawa mapenzi. Lakini kitabu walichofundishiwa kilikuwa cha zamani, cha enzi za vijiji na viwanda vya umma, na yeye akakimeza chote. Kila mwanamume kwake alikuwa ndugu. Aliniulizia hali ya mavuno. Alimwamkia shikamoo mwanangu wa darasa la sita, ambaye alimjibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Mkenya mmoja dereva wa teksi, wa ghorofa ya chini, alikuwa akimvizia makusudi pale maegeshoni.

"Ndugu, niaje?"

"Salama, ndugu. Habari za wafanyakazi wenzako?"

Mkenya alishika mlango wa gari asianguke kwa kicheko. "Huyu msee anaongea kama redio ya serikali," aliniambia. "Mwache hivyo hivyo, usimrekebishe hata kidogo. Ukimrekebisha tutakosana."

Sikumrekebisha. Alikozaliwa hasa sikujui. Anasema kuna kanisa, kiwanda cha mbao kilichofungwa na uwanja. Ya mababu hatukuwahi kuyagusa, na mimi, ambaye kwetu Tanga mtu hanunui fungu la nyanya kabla hajaulizwa yeye ni wa nani, nililiona hilo kama likizo.

Kilichotuunganisha kilikuwa kusubiri. Mimi nina shahada mbili za historia, na kwa hizo nimefika kwenye benchi la korido ya mahakama ya Upper Marlboro, upande wa pili wa mto, huko Maryland, ambako ninakaa nikingoja mtu anayesema Kiswahili afikishwe mbele ya hakimu nimtafsirie. Siku nyingi mtu huyo hafiki. Siku nyingine anafika, na inagundulika kwamba anasema Kilingala, au kwamba Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu na anataka kukitumia. Nilipomweleza Mrushaji kazi hii alisimama, akazunguka meza, akakaa tena.

"Unasubiri siku nzima kwa dakika kumi?"

"Zikipatikana."

"Na wakati unasubiri, unapasha moto?"

"Napasha nini?"

"Ulimi."

Tangu siku hiyo, tukikutana asubuhi kwenye lifti, mimi na tai yangu na yeye na begi lake, salamu ilikuwa moja. "Ndugu, ulimi umepata moto?" Nami nilijibu kwamba bado, nitaupasha barabarani. Kusema kweli nilianza kufanya hivyo. Kama kuna mtu aliwahi kukwama kwenye foleni ya daraja karibu na gari la kijivu ambalo dereva wake alikuwa akijisomea viapo vya mahakama kwa sauti, hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mimi.

Kwa upande wake, kupasha moto hakukuwa mzaha. Nilikwenda kumtazama mara moja tu, Jumapili moja mchana, katika uwanja mdogo huko Maryland. Wakati huo alikuwa amekwisha kushuka kutoka ligi kuu na kupanda na kushuka tena, na sasa alikuwa katika zile timu ambazo wachezaji husafiri kwa basi na watazamaji huleta viti vyao. Pembeni ya uwanja kuna sehemu iliyozungushiwa uzio, wenyewe wanaiita zizi la mafahali, ambamo warushaji wa akiba hukaa wakingoja. Ukutani pana simu. Kocha akihisi hatari anapiga, anayetajwa anasimama, anaanza kumrushia mdakaji wa humo humo zizini ili mkono ushike moto, na endapo hatari itazidi anafunguliwa lango.

Simu ikalia, akasimama. Nilikaa karibu na uzio na niliusikia mpira ukiingia kwenye glavu, mlio kama mlango uliopigwa na upepo. Hatari ikapita yenyewe. Akakaa, akavaa koti. Simu ikalia tena. Akavua koti, akarusha, wingu la hatari likapita, akakaa. Ikalia mara nyingine. Mchezo ukaisha timu yake ikiwa imeshinda na yeye hajaonja hata punje ya udongo wa uwanjani.

Ndani ya gari alikuwa amefungwa mifuko ya barafu kuanzia bega mpaka kiwiko, anatonesha maji kwenye kiti. "Angalau leo umepumzika," nilisema, nikidhani nimesema la maana.

Tulifika kwenye taa za barabarani. "Ndugu," alisema, "mipira ya uwanjani wanaihesabu wote. Kocha anaihesabu, watu wa runinga wanaihesabu, mzee mwenye kiti chake anaihesabu. Ya zizini hakuna anayeihesabu. Mkono tu ndio unaihesabu."

Hapo ndipo nilipoelewa mkono wake ulikokwenda. Uliishia zizini, kwenye mazoezi ya kuitikia wito ambao haukufika, jioni baada ya jioni, mji baada ya mji. Alipotokea mbele ya watu alirusha kwa kasi ya karibu maili mia kwa saa, na watu wakadhani kazi ndiyo inaanza.

Hiyo kasi ndiyo iliyomlisha na ndiyo iliyomhangaisha. Mpira wake haukuwa na adabu. Siku moja ulikwenda ulikotumwa, siku ya pili ulikwenda kwa majirani. Timu zilimchukua kwa sababu ya siku ya kwanza na kumwachia kwa sababu ya siku ya pili. Alibadilishwa kwa wachezaji wengine mara nyingi kiasi kwamba mwenyewe alikuwa akichanganya rangi za fulana. Na watu wana kumbukumbu ya ajabu. Tulikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula, mtu mzima mmoja akamkodolea macho, akamnyooshea kidole, akamkumbusha mpira mmoja, mmoja tu, uliopigwa rungu ukaenda kuangukia kwenye viti vya mbali na timu yake ikafungwa. Nilidhani atakasirika. Alimpa mkono. "Ndiye mimi," alimwambia, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili: "Huyu angalau aliuona. Wengi walikuwa wameshaondoka kuwahi magari."

Alikuwa na msemo wake, na aliutumia kwa kila jambo, kuanzia talaka yake hadi wali ulioungua: mpira ukishatoka mkononi si wako. Mama mkwe aliukubali kwa talaka, akaukataa kwa wali.

Nimesema alikuwa hatulii, lakini nyuma ya usukani alikuwa kama bwana harusi anayepelekwa. Huyu mtu ambaye mpira wake hauonekani kwa macho aliendesha gari kwa mwendo wa kuudhi wazee. Alisimama penye taa za kijani kuhakikisha. Mkenya wa teksi alimpigia honi mara nyingi, kisha akiona ni nani, akashusha kioo na kumwombea dua. Nilimuuliza kwa nini. Alisema maisha yake yote alikuwa akipewa dakika chache za kukimbia, gari ndilo mahali pekee ambapo hakuna anayemwita.

Nyumbani kwake kulikuwa kutupu. Sanduku lilikuwa nyuma ya mlango, na nguo alizitoa humo asubuhi na kuzirudisha humo jioni zikiwa zimefuliwa. Mke wangu, ambaye hawezi kuona ukuta mweupe bila kuuonea huruma, alimpa picha ya mlango wa Kizanzibari, yenye fremu. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa maneno ya kwenye kitabu, akaiegemeza sakafuni. Ikakaa hapo miaka. Zamani, katika mji fulani, aliwahi kupigilia msumari, akatundika picha, na kesho yake asubuhi akaambiwa amebadilishwa, aende timu nyingine upande wa pili wa nchi. Tangu hapo hakugusa nyundo. Warushaji wana mambo hayo. Hawakanyagi mistari ya chaki, hawaoshi kofia. Nilimcheka, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe siendi Upper Marlboro bila ile tai ya bluu.

Sasa nifike kwenye nywele, maana bila nywele hakuna habari yoyote ya mtu huyu.

Ana binti. Wakati ule alikuwa wa miaka kama tisa, na aliishi na mama yake huko Bladensburg, ule mji mdogo wa Maryland kando ya Mto Anacostia. Kila Jumapili ambayo hakuwa safarini alimleta kwake Alexandria, na kila Jumapili alimsuka. Mwenyewe, kwa mikono yake. Kusuka alijifunzia kwenye mabasi ya ligi ndogo, safari za kutwa nzima, kwa kutumia kamba za ngozi za glavu. Alizifumua, akazisuka tatu tatu, akazifumua. Wenzake walidhani ni ushirikina mwingine, wakamwacha.

Mara ya kwanza mama mkwe alipomwona, mlango ukiwa wazi na mtoto amekaa chini kati ya magoti ya baba yake, alisimama koridoni na kikapu cha nguo chafu.

"Mwanamume anasuka?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeuliza, mwanamume anasuka?"

"Anajaribu, bibi."

Mama mkwe aliingia, akaweka kikapu chini, akainamia kichwa cha mtoto kama fundi cherehani anayekagua mshono wa mshindani. Akapitisha kidole kwenye mstari. Nilijua anatafuta kosa. "Umenyooka," alisema hatimaye, kwa uchungu kidogo. "Lakini hii twende kilioni, mwanangu. Hii tunasuka haraka haraka mtu akifiwa. Sogea nikuoneshe ya sikukuu."

Hivyo Jumapili zetu zikawa na ratiba. Mama mkwe kwenye kochi letu, Mrushaji kwenye kiti, mtoto sakafuni na katuni zake. Na hapo tu ndipo nilipomwona mtu huyo akikaa kweli. Nusu saa, saa nzima, mgongo umeegemea. Mguu wa kulia tu ndio ulikuwa ukikuna zulia, kama anavyofanya mrushaji akichimba mahali pa kuweka kiatu juu ya kile kichuguu cha udongo anachorushia. Zulia letu lina doa jeupe mpaka leo.

Kiwiko chake cha kulia kilikuwa kimefanyiwa upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza walichukua ukano kutoka mkono wa kushoto wakaupandikiza kulia, jambo ambalo mama mkwe aliliona kama kung'oa bati la jikoni kuziba sebule. Mara ya pili walikwenda kuuokoa ule waliopandikiza. Baada ya hapo kikabaki kitu kimoja: kidole kidogo na jirani yake, yule wa pete, vikaanza kulala. Alikuwa akivigonga kwenye ukingo wa kikombe kuviamsha. Daktari alimwambia wazi kwamba mshipa wa fahamu unaopita kiwikoni umechoka, na kwamba akiendelea kurusha kwa nguvu ataupoteza, na vidole hivyo viwili havitarudi, na safari hii hakuna cha kupandikiza.

"Lakini," alinieleza, akiushika mpira kunionyesha, "kurusha sivihitaji." Na kweli. Mpira wa kasi unashikwa na vidole viwili vya juu na dole gumba chini. Hivyo vingine viwili vinakunjwa tu pembeni, wageni. Angeweza kurusha miaka mingine mitatu bila kuvihisi na hakuna mdakaji ambaye angejua.

Kisha akatoa mpira mkononi, akachukua pindo la kitambaa chetu cha meza, ambacho kina nyuzi, akaanza kusuka. Msuko una mashada matatu, na shughuli ya shada la tatu ni ya hivyo viwili. Kidole kidogo na cha pete ndivyo vinavyolishika likingoja zamu yake wakati vingine vinafanya kazi. Alisuka inchi moja, shada likamponyoka. Akalitazama. Akasuka tena, likaponyoka tena.

Nilitaka kusema kitu cha maana. Nina shahada mbili. Nilimwongezea chai.

Majira hayo hayo timu moja ndogo, isiyo ya ligi yoyote kubwa, ilimtaka kwa msimu unaokuja. Kocha wake alikuwa amecheza naye zamani, alikumbuka kasi, akaahidi kwamba hatampasha moto bure. Makocha wote huahidi hivyo. Jengo zima likawa na maoni. Mkenya wa teksi alisema aende. "Bro, wewe ni mrushaji. Usiporusha utakuwa nani, ndugu wa wafanyakazi?" Mama mkwe alisema asiende, na kwamba kama anataka kurusha kitu atupe ile takataka ya koridoni. Mimi nilisema upande huu una hoja na upande ule una hoja, ndivyo nilivyosomeshwa, na wote wawili wakanitazama kama wanavyonitazama watoto wangu.

Alikwenda kwenye majaribio. Juma moja alikuwa akirusha kila mchana kwenye uwanja wa shule, na lazima niseme alirudi akiwa amenyooka, kijana, anapanda ngazi badala ya lifti. Jumapili ikafika, akamsuka binti yake mistari ya sikukuu, mizuri. Kesho yake mama wa mtoto akampigia simu. Mtoto hakuweza kulaza kichwa kwenye mto. Nywele zilikuwa zimevutwa mpaka ngozi imevimba kwenye kila mstari. Baba yake, vile vidole viwili vikiwa vimelala, hakuhisi anavuta kiasi gani, na mtoto, kwa kuwa alimwona ana furaha, hakusema.

Alikuja kutuambia akiwa amesimama mlangoni, hakuingia. Mama mkwe alimpa chupa ya mafuta ya nazi.

Haukupita muda mrefu akahama. Sanduku lilikuwa tayari, kwa hiyo kuhama kulichukua muda mfupi kuliko kuagana. Alikwenda kupanga Bladensburg, karibu na mtoto. Picha ya mlango aliibeba kwapani. Kuhusu ile timu hakusema ndiyo wala hapana, na nadhani hakuwa akificha. Kwetu palikuwa kimya sana baada ya hapo. Simu zililia na hakuna aliyesimama, isipokuwa, niligundua kwa fedheha, mimi.

Mwishoni mwa majira ya baridi alinipigia. Kocha alikuwa amechoka kungoja. Alimwambia atapiga Jumapili saa kumi alasiri, mara ya mwisho. Asipopokea, nafasi inakwenda kwa kijana mwingine. "Njoo, ndugu," Mrushaji alisema. "Uje na ulimi."

Mama mkwe alinipakia mkate wa kumimina, nikaenda. Walikuwa kwenye bustani moja ya kando ya Mto Anacostia, jua la baridi likiwaka bila kupasha chochote, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita na vijana wawili watatu wakipiga makasia ndani ya mitumbwi myembamba ya mashindano. Mrushaji alikuwa kwenye benchi la meza ya mbao. Binti yake amekaa chini kati ya magoti yake juu ya blanketi lililokunjwa, kofia ya sufu mapajani, anasoma kitabu. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Juu ya meza, chanuo, ile chupa ya mafuta, na simu, uso juu.

"Ulimi?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Moto kabisa. Vidole?"

"Vinaamka, vinalala. Wiki sita sijashika mpira." Aliniinulia kile kidole kidogo, kikiwa kimezungushiwa shada la nywele. "Hiki leo asubuhi kimeungua kwenye sufuria. Nikasikia. Nikakipongeza."

"Na ile picha? Umetundika?"

"Bado. Msumari ninao."

"It's in his pocket," alisema mtoto kutoka chini. "He carries it around."

"Anasema uongo," alisema Mrushaji.

"Anaelewa kila neno," nilisema.

"Ndiyo maana nasema kwa sauti."

Nikamuuliza swali nililojia. Simu ikilia, utasema nini? Alimaliza mshono mmoja, akachovya kidole kwenye mafuta. Alisema hajui. Alisema usiku analala akiwa mtu aliyeacha kurusha na asubuhi anaamka mkono umeshapanda wenyewe juu ya mto wa kulalia, unatafuta mpira. Alisema kama kocha angempigia wakati amesimama, jikoni, dukani, popote, angesema ndiyo kabla ya kusikia swali. "Kwa hiyo nimekaa," alisema. "Nimemwambia mtoto leo tunasuka ile ndefu."

Nikafungua mkate. Mtoto akala vipande viwili bila kutikisa kichwa, kwa ujuzi wa muda mrefu.

Simu ikalia.

Nilisimama mimi. Sina maelezo. Yeye visigino vilipanda, magoti yakapanda, benchi likalia, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa bado vimeshika shada, kichwa cha mtoto kikaenda nyuma pamoja naye.

"Ow. Daddy."

Akabaki hapo hewani, si wa kusimama si wa kukaa, uso umemtoka jasho kwenye baridi ile. Simu ilikuwa ikitetemeka na kutambaa mezani kuelekea kwenye mkate. Nikaona vile vidole viwili, cha pete na kidogo, vimekunjwa kwenye zile nywele, vimekaza kucha zikawa nyeupe, halafu vinalegea kidogo. Vilikuwa vimehisi. Akashuka polepole mpaka benchi likampokea.

"Nipokee mimi?" niliuliza.

"Usiguse."

Ikalia mpaka ikachoka. Mtumbwi mmoja ukapita. Mtoto akafunua ukurasa.

"Leo," alisema Mrushaji, "wao ndio wamepasha moto bure."

Ikalia tena. Safari hii magoti hayakupanda. Chini ya benchi kiatu chake cha kulia kilikuwa kikichimba, kimeshatoboa nyasi na kufika kwenye udongo mweusi, shimo la kutosha kuweka bakuli, na kilikuwa kikiendelea. Mikono ilikuwa inachukua shada la tatu.

"Nisogezee chanuo, ndugu," alisema. "Na ukae. Unanizibia mwanga."